Bonyeza Mguu wa Athumani

Handeni, barazani mwa hospitali
Ijumaa asubuhi

Kwa mke wangu mpenzi, Bibi Mwanashehe wa Mashewa,

Shikamoo Bibi. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeiitikia huku umegeuza shingo kuangalia nani anapita njiani. U hali gani? Goti la kushoto linasemaje siku hizi? Na yule mzee jirani mwenye kanzu moja, bado anakuja kuomba moto kila jioni? Mwambie mumeo yu hai, ana kazi ya maana, na akirudi atataka kujua kwa nini nyumbani kwake mzee yule hakukai kiberiti.

Nawe Mwanaidi mdogo wangu unayesoma, marahaba. Soma kwa sauti na usiruke maneno. Najua tabia yako ya kuruka pale unapoona aibu halafu unamwambia Bibi mwandiko haueleweki. Mwandiko wangu unaeleweka mpaka Dar es Salaam.

Kwa desturi hapa ningeandika kwamba mimi mzima, hofu ni kwenu tu. Bibi, nimeandika maneno hayo mara nyingi bila hofu yoyote, kama mtu anavyokohoa. Leo hofu ninayo. Kwa hiyo Mwanaidi, weka barua chini. Nenda kamshike Athumani wa dada Zubeda mguu, pale juu ya unyayo, umbonyeze kwa kidole gumba, ukae hivyo kidogo, kisha utoe kidole. Utazame. Halafu rudi usome.

Umerudi? Kama nyama imejirudia sawasawa, nicheke, niite mwongo kama kawaida, na barua hii wakafungie karanga. Lakini kama kidole kimeacha shimo, shimo likabaki pale kama umebonyeza donge la unga, basi Bibi, mtoto wetu hakunenepa. Mtoto anaumwa, na anatakiwa hospitali ya Korogwe leo hii.

Sasa nikwambie nimejuaje, maana nasikia sauti yako mpaka huku: huyu Shabani aliyeikimbia shule darasa la tano amekuwa daktari lini?

Kuna watu wametoka Dar es Salaam wanafanya utafiti wa chakula. Wanataka kujua watoto wa vijijini wanakula nini, wanakipata wapi, na wanakua au wamesimama. Mkubwa wao ni mama mmoja daktari, mfupi, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Walitaka kijana mwenye nguvu, anayesoma tarakimu, na anayesikia Kizigua. Nikawaambia Kizigua ni ndugu wa Kishambaa chetu, nguvu mnaziona, na tarakimu ndizo zinazonijua mimi. Wakanichagua kati ya wengi. Kusema kweli walimchukua kila aliyekuwa na miguu mizima, lakini hilo mzee wa kanzu hana haja ya kulisikia.

Basi mimi ndiye mtu wa mizani. Ni mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia pamba, ina ndoano, na kwenye ndoano tunafunga kitambaa, mtoto anakaa humo akining'inia kama popo. Watoto wote wananichukia. Wakiniona natokea mwisho wa kijiji wanaanza kulia kabla sijafika, na mama zao wananiita Mnyapara wa Vilio. Siku ya tatu Landrova ilivunjika kitu huko chini, na tangu hapo mizani imehamia mgongoni kwangu.

Bibi, nimechoka. Uchovu wa jembe naujua, unalala unaamka umekwisha. Huu hauishi. Nchi kavu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, kisimani wanawake wanangojea maji tangu alfajiri, na mtu huwezi kuomba ya kunawa miguu bila kuona aibu. Jioni nikitua mizani bado nausikia uzito wake begani, kama vile ningali nimebeba mtoto wa mtu. Zaidi ya yote nimechoka kuuliza swali moja kila nyumba na kudanganywa kwa heshima.

Swali lenyewe ni hili: jana mlikula nini?

Tulikuwa Kwamadebe, kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Nyumba ya kwanza nikauliza. Wakajibu, "Wali." Wali na nini? "Na kuku." Nyumba ya pili wali na kuku. Ya tatu wali na kuku, na nazi wakaongeza. Mama Daktari akaacha kuandika, akanitazama juu ya miwani.

"Shabani, kijiji hiki kina kuku wangapi?"

"Mama, tangu tumefika nimemwona mmoja, na alikuwa anatukimbia."

Hakucheka. Huyo mama ukimchekesha anakuona mgonjwa. Akaomba atazame vyungu. Kila chungu ugali wa muhogo, mweupe pe, na pembeni mlenda wa kulambisha, au chumvi. Nikamwuliza mzee mmoja kwa Kizigua kwa nini ametudanganya. Akanishika mkono, akasema pole pole, "Kijana, mtu ametoka Dar es Salaam kuja kunitazama. Nimwambie nakula chumvi? Mimi nina haya."

Chakula chao wanacho, Bibi, ila kiko mbali. Kunde, mbaazi, mapapai, mboga zilizokuwa zikijiotea nyuma ya nyumba, vyote vimebaki kule kwenye mahame, ndiyo makazi yao ya zamani kabla hawajahamia barabarani. Kwenda na kurudi ni siku nzima, na siku nzima nyingine ni ya maji, na nyingine ya shamba la kijiji. Muhogo ndio uliokubali kuhama nao. Mambo ya siasa mimi siyajui na mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri. Nasema tu nilichokiona chunguni.

Kesho yake tukatundika mizani kwenye boriti ya ghala. Wanawake wakajipanga. Na wa kwanza kusukumwa mbele, kwa vigelegele, alikuwa mtoto mmoja wa kike jina lake Rukia. Walimleta kama ng'ombe wa maonyesho ya Sabasaba. Mashavu yamejaa, miguu minene, mikono ina mikunjo. Mama yake ni mwanamke wa rika la dada Zubeda, mrefu, ana mdomo kama wewe. Akaniambia, "Pima huyu kwanza, mtu wa mizani, ili uone kama Kwamadebe kuna njaa. Halafu hao vijiti wengine utawapima ukipenda."

Nikampima. Mzito. Nikasema, "Huyu hajui shida, huyu anakula wali na kuku kweli." Watu wakacheka. Ungekuwa pale, Bibi, nawe ungempiga busu.

Mama Daktari hakutazama mizani. Alimtazama mtoto usoni, akaona macho yake hayamfuati mtu, hataki kitu, hata kulia hakulia alipotundikwa. Nami watoto wote wananililia, Bibi, hilo lingepaswa kunishtua, lakini nilidhani huyu amenipenda. Mama Daktari akamshika mguu, akambonyeza kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Vigelegele vikakatika.

Akasema, nami nikatafsiri, "Huyu hakunenepa. Amejaa maji. Anashiba kila siku, lakini anashiba kitu kimoja, muhogo mtupu, na mwili wake hauna cha kujengea. Tangu lini ameacha ziwa?"

"Tangu nilipopata hii mimba," akasema Mama Rukia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Tukawaleta hapa Handeni kwa lori la mbao. Mama Daktari akaniambia nikae nao niwe mdomo na masikio yao, wengine wakaendelea na vijiji.

Ndipo sokoni hapa nikakutana na Mzee Kibwana, muuza tumbaku wetu, amebeba salamu zako. Alizitoa zote kama kaseti, hata kukohoa kwako alikukohoa. Kwamba dada Zubeda ana mimba nyingine, kwa hiyo yeye na shemeji wamemleta Athumani kwako kutoka Mnyuzi aachishwe ziwa. Kwamba mwanzoni alikonda ukaogopa, lakini sasa, alhamdulillahi, amenenepa, mashavu kama maandazi, ametulia, halii tena, na nywele zimekuwa laini zimeingia wekundu kama za mtoto wa Mwarabu. Bibi, nilifurahi mpaka nikamnunulia Mzee Kibwana chai. Nikamwambia mbele za watu, mnaona, damu yetu hiyo.

Sikuunganisha. Nimelala hospitali, nimeona shimo mguuni kwa macho yangu, na bado sikuunganisha. Mtoto wa mwenzako ndiye anayeumwa, wa kwenu ananenepa.

Basi huku wodini Rukia alianza kupewa uji wenye maziwa na kunde za kupondwa, kidogo kidogo. Na badala ya kuongezeka, akapungua. Mashavu yakaanguka. Miguu ikabaki mifupa na ngozi. Wauguzi wakasema ni vizuri, maji yanatoka, mtoto wa kweli ndiye huyo anayeonekana sasa. Mimi nikatafsiri. Mama Rukia akanisikiliza, akaitikia, na asubuhi kitanda kilikuwa kitupu.

Mwenyewe nilikwenda Kwamadebe. Hayupo. Watu wakanielekeza mahame, na nikatembea jua la Handeni lote likiwa limekaa kichwani kwangu peke yangu. Nikamkuta kwenye kibanda chao cha zamani, nusu ya paa imeanguka, amempakata mtoto, anachemsha kunde. Hata salamu hakuniachia nimalize.

"Nimewapelekea mtoto mnene mkanirudishia mfupa. Unataka nini tena? Umekuja kuupima?"

"Mama Rukia, maji yanatoka. Daktari amesema..."

"Daktari ana mtoto wodini? Wewe una mtoto?" Akanicheka kwa hasira. "Wewe hata ndevu huna. Kijijini watamwona hivi waseme nini? Si watasema nimembemenda?"

(Mwanaidi, hapa soma haraka haraka. Unajua watu wanavyosema: mtoto mdogo akikonda, basi wazazi hawakuvumiliana, walilala pamoja mtoto angali ananyonya. Ndiyo maana wanawake wanawaficha waliokonda na kuwaleta mbele waliovimba. Nawe Bibi usijifanye hujui. Uliposema "mwanzoni alikonda nikaogopa," nilijua ulichokiogopa.)

Nami nikachokozeka. Kuambiwa sina ndevu nimezoea, lakini sina mtoto? Nikavuta kifua. Nikamwambia, "Mtoto ninaye. Wa dada yangu, kwetu Mashewa, tena huyo ukimwona utamsahau wako. Analelewa na bibi yangu, na bibi yangu analea, si mchezo. Ameachishwa ziwa juzi tu, sasa mashavu yamejaa, miguu minene. Ametulia, halii, hasumbui mtu. Nywele zimekuwa laini, zimeingia wekundu kama..."

Nilikuwa namtazama Rukia kichwani wakati nasema, Bibi. Nywele zake ndizo zile nilizokuwa nazisema.

Mama Rukia alikuwa ameacha kukoroga. Hasira yote ilikuwa imemtoka usoni. Akasema, "Mdogo wangu, huyo unayemsifu ni Rukia. Rukia wa wakati ule tulipompigia vigelegele."

Nilikaa chini kwenye vumbi na mizani yangu ya akili ikaanguka. Yeye ndiye aliyenipa maji, katika yale machache aliyokuwa nayo.

Kisha akauliza, "Nao wanajua?"

"Hawajui. Wanashangilia."

Akaipua kunde, akafunga mbeleko. "Twende," akasema. "Lakini tukifika uandike kwenu. Usipoandika nitakuona ulikuwa unanidanganya ili unirudishe. Na ukiondoka pale, mimi naondoka. Utakula sahani moja na mimi kila siku mpaka mtoto huyu asimame."

Ndiyo sababu nakuandikia na siji mwenyewe, Bibi. Usiku kucha nilikuwa naiona barabara ya Korogwe. Lakini nikitoka hapa kitanda kile kitakuwa kitupu tena. Rukia leo asubuhi amelia, kilio cha kweli, na alipoletewa uji wa kunde amening'ata kidole kwa kuwa nilichelewesha kijiko. Mama Daktari alikuwa amepita kutazama. Alitabasamu. Nimekwambia huyo mama hatabasamu. Miguu ya Rukia bado ni vijiti, lakini macho yanamfuata kila mtu, anatafuta nani ana chakula.

Sasa nisikilize, mke wangu, na usinikatize. Najua unampa Athumani ugali wa muhogo kwa chai ya rangi na anamaliza bakuli, nawe unafurahi. Hukukosea kumshibisha. Hakuna aliyekuambia kwamba kuna kushiba kwa namna hii. Hata mimi mtu wa mizani nilikuwa sijui. Hospitali watamwangalia na watakwambia apewe nini, na uwafuate wao kwanza, maana mtoto wa hivi hapewi chakula kingi kwa pupa. Akirudi nyumbani, kunde unazo, karanga unazo za kutwanga ndani ya uji, mchicha unajiotea hadi mlangoni. Mashewa mna vitu ambavyo watu wa huku wanavifuata kwa mwendo wa siku nzima. Na mayai ya yule kuku wako mwekundu, unayempenda kuliko mimi, ni ya Athumani. Utaniambia mtoto akila mayai anakuwa mwizi. Basi na awe mwizi, Bibi. Mwizi ana miguu ya kukimbilia.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Hospitali atakonda. Mashavu yataanguka mbele ya macho yako, na wodini kutakuwa na mtu wa Mashewa, hakosekani, atakayekwenda kusema. Watamsema Zubeda, watamsema shemeji, watakusema na wewe. Wewe umeishi miaka yote hii na mdomo ambao hakuna mtu Mashewa ameushinda. Utumie. Ila usimbebe mtoto ukarudi naye. Akikonda usimfiche. Kwa mara ya kwanza mjukuu wako naomba dua ambayo ni kituko: Mungu amkondeshe Athumani.

Barua hii anakuletea Mzee Kibwana mwenyewe. Nimemwambia asiondoke barazani kwako mpaka akuone umembeba mtoto, halafu awasindikize mpaka Korogwe. Ukimwambia "kesho," atalala hapo na atakula kwako asubuhi na jioni, na unajua anavyokula.

Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea imekwisha magotini kwa kupiga magoti mbele ya watoto wa watu. Nisalimie shangazi muuza vitumbua, na mama mkubwa wa ng'ambo ya mto, ambaye najua ndiye wa kwanza atakayesema, nami namsalimu kwanza. Dada Zubeda apelekewe habari Mnyuzi, lakini pole pole, asikimbie na mimba ile. Mwambieni hakuna alichokosa yeye na shemeji. Mzee wa kanzu msimpe salamu, mpeni kiberiti.

Mama Rukia amekaa hapa pembeni yangu, hajui kusoma, anaiangalia kalamu. Ananiuliza kama nimeshamwandika Rukia. Nimemwambia ndiyo. Anasema niandike pia kwamba huyo bibi asiogope, mwenzake yuko Handeni, naye analala chini pembeni ya kitanda.

Wino unakwisha na Mzee Kibwana anapiga kelele getini. Mwanaidi, kunja karatasi.

Bibi, mbebe mtoto.

Mumeo asiye na ndevu,
Shabani, mtu wa mizani